Kanga Mia Nne Chumbani Kwangu

Mie nimeshawahi kupitishwa barabarani Keko mchana kweupe, nimevaa tai, natembea nyuma ya banda la kuku lililobebwa na wanaume sita, na ndani ya banda hilo ilikuwemo shahada yangu ya pili. Haya, chekeni kwanza mmalize, ndiyo niendelee. Nimekaa na aibu hii miaka mingi, hata mke wangu nilimsimulia tulipokuwa tayari na watoto watatu, maana niliogopa akiijua mapema angebadili mawazo.

Ilikuwa miaka ile ya shida ya vitu, nyie wengine hamkuwepo. Sukari inatafutwa, sabuni inatafutwa, na duka la ushirika likisikika limepokea mzigo basi watu wanapanga mawe kwenye foleni, kila mtu na jiwe lake, anakwenda zake kazini, akirudi anasimama pale lilipo jiwe (na mawe yaliheshimiwa, sijui siku hizi ingekuwaje). Mie nilikuwa nasoma chuo, shahada ya pili ya hisabati upande wa kompyuta. Tulikuwa watatu tu darasani, na tulikuwa tunaringa hadi tunachosha, wakati kompyuta yenyewe tuliyoisomea ilikuwa moja, kubwa kama makabati matatu ya maseremala wa Keko yaliyosukumwa pamoja, inakaa kwenye ofisi fulani mjini, ndani ya chumba chenye baridi kuliko kwetu Njombe, na sie wanafunzi tunaruhusiwa kuisogelea Jumamosi mchana wafanyakazi wakishaondoka.

Sasa hapa mnisikilize vizuri, maana mkisinzia hapa hamtaelewa mbele. Kompyuta za wakati huo hukuziandikia kwenye kioo. Ulikuwa unatoboa matundu kwenye kadi, kadi ngumu hivi, ndefu kuzidi kiganja kidogo, mstari mmoja wa maneno kadi moja, halafu unazipanga kwa mfuatano wake na kuilisha mashine. Ukivuruga mfuatano, mashine inakutemea upuuzi. Kadi zangu zilikuwa zimefika mia nne, na nilikuwa nazihifadhi chumbani kwangu Keko ndani ya maboksi mawili, kwa sababu kule chumba cha mashine kulikuwa na bwana mmoja aliyekuwa anazichukua kadi za wanafunzi kukunjia karanga. Nilitakiwa pia niziandikie namba pembeni, moja mpaka mia nne, ili zikianguka nijue ipi inafuata ipi. Sikuandika. Nilisema nitaandika kesho, na kesho yake nikasema hivyohivyo.

Muhula wa mwisho kila mmoja wetu alipewa utafiti wa kufanya peke yake, hakuna darasa wala mwalimu wa kukushika mkono, unachagua jambo lako unahangaika nalo, msimamizi anakuja kukagua tu. Wangu ulikuwa wa sukari. Nilitaka kompyuta ipewe majina ya watu wa nyumba kumi na idadi ya kila kaya, halafu yenyewe ipige hesabu kila kaya ipate kiasi gani, watu waache kupanga mawe. Wazo zuri, si ndiyo? Hata leo nasema lilikuwa zuri. Ila nilihitaji barua ya kunitambulisha mtaani, na barua zilitakiwa ziwe za Kiswahili, kwa hiyo msimamizi wangu, Daktari Kamugisha, akaniambia niandike mwenyewe yeye atie sahihi. Nikakaa nikafikiri, utafiti wa kufanya peke yako bila kumtegemea mtu unaitwaje? Nikaandika: "Ndugu Festo anafanya mradi wa kujitegemea."

(Najua. Najua! Siku zile mradi wa kujitegemea ulikuwa na maana moja tu, kuanzia shule ya msingi hadi kambi ya jeshi: kuku, nguruwe, sungura, au bustani ya mchicha. Lakini msomi akishazama kwenye usomi wake huwa hasikii watu wanaongeaje.)

Nikaenda na barua yangu kwa balozi wetu wa nyumba kumi, yule kiongozi wa chama wa mtaani, Mzee Chande. Alikuwa mzee wa Lindi, mwembamba, koti la kaki halimtoki mwilini, miaka mingi alifanya kazi kwenye mashine za kiwanda cha mkonge kabla hajahamia Dar. Nilimkuta amekaa kwenye benchi nje ya karakana ya seremala, maana nyumba yake ilikuwa imepakana nayo, na mafundi wanapiga randa, vumbi la mbao limewajaa mpaka kwenye kope.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo shule hamna?"

Nikampa barua. Akaisoma kwa sauti, neno moja moja, akafika kwenye mradi wa kujitegemea akatikisa kichwa kwa furaha. "Safi sana. Vijana wasomi wengine wanataka kalamu tu. Mradi wa nini?"

"Wa kompyuta, mzee. Naomba ruhusa nipite kwenye nyumba zako kumi niandike majina ya watu."

"Utayaandika wapi?"

"Kwenye kadi. Ninazo kadi mia nne chumbani."

Palepale fundi mmoja nyuma yetu akaanza kupasua ubao wa mninga, msumeno unalia kama mtu anayeng'olewa jino.

"Kanga?" akauliza mzee.

"Kadi, mzee!"

"Kanga mia nne?"

Sasa jamani, uamuzi wenyewe ndio huu. Jua kali, nimechelewa kipindi, msumeno haunyamazi, na mzee ameshashika kalamu anataka kutia sahihi. Nikajisemea, Festo, huyu mzee akiamini una kanga, wale ndege wenye madoa, wewe unapungukiwa nini? Nikasema:

"Ndiyo, mzee."

Uso wa Mzee Chande uling'aa kama amepokea mjukuu. "Mia nne! Chumbani! Na hawapigi kelele?"

"Wametulia tu, mzee." (Uongo ukishatoka mmoja, wa pili hauombi ruhusa.) "Wako kwenye maboksi."

"Wanakula nini?"

"Hawali sana."

"Na haya majina ni ya kuwagawia wananchi?"

Mie mawazo yangu yako kwenye sukari, nikajibu kwa moyo mweupe kabisa, "Ndiyo mzee, kila kaya itapata kulingana na watu wake." Mzee akasimama akanipa mkono, akatia sahihi kubwa iliyofunika nusu ya barua, na mie nikaondoka nikijiona mjanja.

Jioni ile kulikuwa na kikao cha tawi la chama, mie sikuwepo, nilikuwa chuoni. Niliambiwa baadaye kwamba Mzee Chande alisimama kwa fahari akatangaza kuwa Festo, yule kijana anayepanga kwa Bi Tatu, ana mradi wa kujitegemea, ana kanga mia nne chumbani kwake, kwenye maboksi, na atazigawa, au atawagawa, hapo ndipo kila mtu alisikia la kwake. Wanaume walisikia ndege. Wanawake, ambao kwa miezi kadhaa hawajaiona kanga mpya ya kujifunga dukani hata kwa dawa, walisikia nguo. Na niwaulize nyie, ukiambiwa kanga mia nne ziko kwenye maboksi, utafikiri zina mabawa?

Mie najua nini? Mie kesho yake nimebeba daftari langu na fomu za kuhesabia watu napita nyumba kwa nyumba, na sijawahi kupokewa vile maishani. Naletewa kigoda. Naletewa mihogo ya nazi. Mama mmoja aliyekuwa hanijibu salamu tangu nihamie mtaa ule aliniita "mwanangu mpenzi" na kunipepea na kawa. Nikasema moyoni, kumbe watu wanapenda sayansi.

Nyumba ya mwisho ilikuwa yetu wenyewe, kwa Bi Tatu mwenye nyumba wangu, mwanamke mnene wa sauti nzito, mjane, mkali wa kodi lakini mwema. Alikuwa anaishi na binti zake wawili, hilo mtaa mzima unalijua.

"Bi Tatu, fomu inataka wanaume na wanawake. Humu ndani wanawake mko wangapi?"

"Kumi na moja."

"Kumi na moja? Wako wapi?"

"Wengine wako njiani wanatoka Lindi. Andika tu, mwanangu."

Nikaandika (nani wa kubishana na mwenye nyumba?). Akanisogelea, akaitazama kalamu yangu, akaninong'oneza, "Halafu Festo, mie si mtu wa bluu. Mie bluu hainipendezi."

Nikaitazama kalamu. Ya bluu kweli. Nikajua wazee wana mambo yao, labda macho. Nikatoa kalamu nyekundu mfukoni. "Nyekundu inafaa, Bi Tatu?"

"Nyekundu ndiyo yenyewe! Mungu akuweke, mwanangu."

Basi fomu ya Bi Tatu nikaijaza yote kwa wino mwekundu, na yeye anatabasamu, na mie natabasamu, kila mtu na lake kichwani.

Jumamosi ikafika. Hiyo ndiyo siku Daktari Kamugisha alikuwa aje Keko mwenyewe saa nne asubuhi kukagua fomu na kadi, akiridhika aniandikie kibali cha kwenda kwenye mashine mchana uleule, na asiporidhika ningesubiri hadi muhula mwingine, yaani miezi, wakati kazini kwangu walikokuwa wamenipa ruhusa ya masomo walishaanza kuuliza narudi lini. Kwa hiyo nilikuwa na wasiwasi. Nilipiga pasi shati, nikavaa tai, tai pekee niliyokuwa nayo, nyekundu, fupi, inaishia juu ya kitovu.

Nikafungua mlango wa mbele. Wanawake! Foleni imetoka barazani kwetu imekata kona ya karakana, kila mmoja na kikapu, wengine na mawe yao wameyapanga chini kwa mazoea. Walikuwa wamejipamba. Waliponiona na tai wakaanza kupiga vigelegele.

Mtu mwenye akili angeuliza, mama zangu, kulikoni? Mie nikadhani wamesikia kwamba daktari wa chuo kikuu anakuja kukagua mradi, wamekuja kuniunga mkono. Nawaambia ukweli, machozi ya furaha yalinilenga. Nikapanda juu ya kigoda cha Bi Tatu nikahutubia.

"Akina mama! Nawashukuru kwa kujitokeza! Msiwe na wasiwasi. Kila kaya itapata, hakuna upendeleo, hakuna wa mlango wa nyuma!"

Vigelegele.

"Kaya yenye watu wengi itapata zaidi!"

Hapo ndipo Bi Tatu alicheza kabisa, akazungusha kiuno mpaka kwenye ngazi.

"Na zikishatoka kwenye mashine leo mchana, foleni basi!" (Nilimaanisha zile orodha za mgao.) Mama mmoja nikamsikia anamwambia mwenzake, "Umesikia? Zinatoka kiwandani leoleo."

Vigelegele havijaisha nikaona umati unapasuka katikati, mafundi wa Keko sita wamebeba banda. Sisemi kibanda, nasema banda. Lilikuwa la mninga, la ghorofa mbili, lina wavu wa waya, lina ngazi ndogo ya kupandia, lina milango miwili yenye bawaba, limepigwa msasa na vanishi, nyumba niliyopanga haikuwa na milango mizuri vile. Mbele anatembea Mzee Chande na koti lake la kaki, nyuma anakuja bwana mifugo na kimkoba cha sindano za chanjo.

"Festo mwanangu!" Mzee anaita kutoka mbali. "Wananchi tumejitolea! Haiwezekani viumbe mia nne wakae kwenye maboksi!"

Hapo ndipo nilipokumbuka ule uongo wangu wa benchini, maana nawaapia nilikuwa nimeshausahau, nilikuwa nimeuweka kwenye fungu la mambo yaliyokwisha. Nikashuka kigodani nikafungua mdomo niseme, mzee samahani, sijasema hata neno moja nikashikwa bega. Mgambo wawili, na marungu yao. Siku zile walanguzi walikuwa wanasakwa, mtu akificha hata mifuko mitatu ya saruji anatafutwa, na hawa walikuwa wamepata habari kwamba kuna kijana wa Keko ana kanga mia nne uvunguni. (Na mahabusu ya Keko, wenyeji mnajua, haikuwa mbali na pale, unaweza kwenda kwa miguu bila kupumzika.)

"Ndugu, fungua chumba."

"Jamani, nisikilizeni kwanza..."

"Fungua chumba!"

Nikafungua. Nini tena ningefanya? Mgambo mmoja akaingia, akavuta maboksi mawili uvunguni, akayatoa barazani mbele ya umma wote, akakata kamba. Mafundi wameshikilia banda begani, bwana mifugo ameshafungua mkoba, Bi Tatu amekunja mikono kifuani. Mgambo akatia mkono akatoa kadi moja. Akaigeuza. Akainyanyua juu, jua likapita kwenye matundu likampiga machoni.

Mzee Chande akasogea, akachungulia ndani ya boksi, akanigeukia na sauti ya huzuni. "Kanga wako wapi?"

Bi Tatu akamsukuma. "We mzee, unasemaje wako wapi? Kanga *ziko* wapi?"

"Nasema kanga *wako* wapi! Wamekufa?"

"Zimekufaje? Nguo inakufa?"

"Nguo gani?"

"We unasema kanga gani?"

"Mie nasema kanga wa kuruka!"

"Na mie nasema kanga za kuvaa!"

Wakatazamana. Halafu taratibu, kama watu wanaocheza ngoma moja, wakageuka wote wawili kunitazama mie, na nyuma yao foleni nzima ikanitazama, na mafundi, na bwana mifugo na sindano yake. Palepale gari la Daktari Kamugisha, Volkswagen ya zamani inayokohoa, likasimama, akashuka na suti yake ya kaunda na faili kwapani, akaangalia umati, akaangalia maboksi, akauliza kwa sauti yake ya darasani:

"Festo, kadi ziko wapi?"

Nyie, ningekuwa na pa kukimbilia ningekimbia, lakini mlango wangu ulizibwa na banda.

Mgambo hawakutaka maelezo pale. Walisema wote tukaelezane tawini, na vielelezo vibebwe. Boksi moja likawa limechanika lilipokatwa kamba, kadi zinamwagika, basi yule mgambo, mtu mwenye akili ya kutenda, akafungua mlango wa banda akamimina humo kadi zote mia nne, ghorofa ya chini na ya juu, kama anamwaga pumba. Nikapiga kelele. "Mfuatano! Jamani mfuatano!" Hakuna aliyejua ninalilia nini. Bi Tatu alidhani ni jina la mwanamke.

Ndipo tukaenda. Mbele mgambo, halafu banda na shahada yangu ndani inachakarika kila mafundi wakipiga hatua, halafu mie na tai, halafu Daktari anatembea kando yangu na faili lake kwapani, kisha akina mama na vikapu vyao wanaimba wimbo walioutunga palepale, siwaimbii. Watu walitoka kwenye karakana zote, randa mkononi. Mwanafunzi mwenzangu mmoja alikuwa amekuja Keko kununua kiti siku ile, alinisimulia baadaye kwamba aliponiona alijificha nyuma ya kabati, na ili fundi asimtoe pale akalipia kabati lenyewe.

Njiani Daktari akajaribu kunisaidia, akamwambia Mzee Chande, "Mzee, hakuna kosa hapa, huyu kijana anapiga hesabu za sukari, ana data tu."

Mzee akasimama. "Ana dada?"

"Data! Zile kadi zote ni data!"

"Ana dada mia nne?" Mzee akanitazama kwa huruma mpya. "Ndiyo maana mtoto wa watu anahangaika na sukari."

Tawini alikuwepo mwenyekiti wetu, Ndugu Salome, mwalimu mstaafu, mwanamke mwenye miwani na asiyepoteza maneno. Aliisoma barua. Akaisoma tena. Akaagiza banda liwekwe chini, akachukua kadi moja, akaniambia, "Eleza. Polepole, kama unamweleza mtoto wa darasa la tatu." Nikaeleza. Matundu, mashine, sukari, kila kaya. Alielewa haraka kuliko wenzangu wawili wa darasani. Mgambo waliponong'ona kwamba labda haya matundu ni ya kijasusi, aliwauliza jasusi gani anajitangaza kwenye kikao cha tawi kupitia balozi.

Halafu akauliza swali ambalo nilikuwa naliogopa tangu barazani.

"Ulimwambia balozi una kanga?"

"Aliuliza kama ni kanga..."

"Sikuulizi aliuliza nini. Wewe ulimjibu nini?"

"Nilisema ndiyo."

"Kwa nini?"

Jamani, nilikuwa na shahada ya kwanza ya daraja la juu, nimeshatunga programu zenye mistari mamia. Nikasema, "Nilikuwa na haraka, mama." Watu waliguna. Afadhali wangecheka.

Adhabu yangu haikuwa kubwa ukiiangalia kwa mbali. Mgambo waliniacha. Ndugu Salome aliamuru niwaombe radhi akina mama palepale mbele ya tawi, nikaomba, Bi Tatu akasema amesikia ila hajasamehe, atasamehe baada ya Idi. Banda likaenda kwa bwana mifugo. Na ule utafiti nikaambiwa niurudie, maana Daktari alizipitia fomu zangu akiwa amekaa kwenye dawati la tawi, akakokotoa kwa penseli, akakuta kwamba nyumba kumi za Mzee Chande zilikuwa na wanawake wengi kiasi kwamba wakilala chini wote hapatakuwa na pa kuweka mlango. Kila mtu alikuwa ameongeza. "Hii haiwezi kuingia kwenye mashine," alisema, "itacheka." Kibali sikupata. Kadi nilizichambua kwa mkono wiki mbili, nimezitandaza sakafuni naruka juu yake kama bata. Na nilipita upya nyumba kwa nyumba, sentensi yangu ya kwanza kila mlango ikiwa, "Hodi, mie Festo, sina kanga, si wa kuruka wala za kuvaa, nina maswali tu." Kigoda sikuletewa tena. Mihogo nayo sikuionja.

Lakini lililonichoma hasa halikuwa hilo. Kesho yake baada ya lile sakata, Jumapili asubuhi, natoka ibadani, nikamkuta Mzee Chande barazani kwetu ananisubiri. Nikajua amekuja kunifokea. Ana haki, nilikuwa nimemtia aibu mbele ya tawi lake, watu walikuwa wameshaanza kumwita Balozi wa Kanga. Nikamwamkia, hakuitika, nikamwamkia tena, akaniashiria nikae upande wake wa kulia.

"Huku," alisema. "Sikio la kushoto halina kitu. Mashine za mkonge zilishalila. Na huku kulia kumebaki kidogo."

Sikujua. Mwaka mzima naishi naye mtaa mmoja, sikujua. Nilidhani ni msumeno.

"Sijamwambia mtu," akasema. "Wakijua watasema balozi kiziwi, watamweka mwingine. Mie nikiona mtu anaongea natazama mdomo, nakisia. Mara nyingi napatia." Akanigeukia. "Ungerudia mara moja tu, Festo. Ungeniandikia hata kwenye hiyo barua. Kalamu nilikuwa nayo mkononi."

Nikamwomba radhi, kwa sauti kubwa, upande wa kulia, mpaka Bi Tatu akatoa kichwa dirishani kuuliza nani amefiwa. Mzee akacheka, akaniambia basi yameisha, ila siri yake niifiche. Niliificha mpaka alipofariki, na alifariki akiwa bado balozi.

Shahada niliipata, mwaka uliofuata, kwa kuchelewa. Na tangu siku ile nimeapa: nikimwambia mtu jambo akasikia lingine, siondoki, siitikii ndiyo ili nimalize haraka, hata kama nyuma yangu kuna watu hamsini wanalalamika. Juzi tu hospitali nilimtajia karani wa dirishani jina langu mara sita, watu wanasonya, mmoja ananiambia mzee si ukubali tu hivyohivyo. Nikamwambia kijana, wewe nenda ukakae, mie hapa sitoki mpaka anisikie.